Sura ya Saba: Shaba na Pumzi

Anayetoka Maskati kwenda Nizwa kwa njia ya bara hupita Samail. Bonde lake ndilo linaloikata milima ya Hajar vipande viwili, na tangu enzi za misafara ya ngamia mizigo ya pwani iliingia ndani kwa mlango huo, na tende za ndani zikatokea humo humo. Ipo Samail ya juu, Alaya, na Samail ya chini, Sufala. Baina ya hizo mbili ni mitende, mifereji ya falaji na kuta za udongo, na ngome imekaa juu ya jabali ikiviangalia vyote. Waomani huitaja Samail kwa heshima kwa ajili ya Mazin bin Ghadhuba, anayehesabiwa Muomani wa kwanza kusilimu, ambaye msikiti wake uko huko mpaka leo.

Wataalamu wa miamba nao wanaitaja Samail, kwa sababu zao. Jina la mji huu limepewa mwamba mkubwa unaofuatana na milima hiyo kwa mamia ya kilomita. Ulikuwa sakafu ya bahari, ukapandishwa juu ya nchi kavu yapata miaka milioni 95 iliyopita, na ndani yake mna shaba. Zaidi ya miaka 4,000 nyuma, watu wa Mesopotamia waliijua nchi hii kwa jina la Magan na wakainunua shaba yake. Huko Maysar, upande wa Sharqiyah, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuri na taka za kuyeyushia.

Nimeanza na shaba kwa sababu sura hii ni ya matarumbeta. Shaba nyekundu ikichanganywa na zinki, kwa kadiri ya sehemu 7 kwa 3, hutoa ile shaba nyeupe inayotengenezewa tarumbeta, tromboni na tuba. Lakini bonde hili lililokalia shaba halikupuliza shaba. Lilipuliza pembe ya mnyama. Katika razha, ngoma ya wanaume ya Oman ya ndani, safu mbili husimama zikikabiliana, ngoma ya rahmani ikanguruma na ya kasir ikajibu kwa ukali, panga zikarushwa juu na kudakwa, washairi wakatupiana beti za papo kwa papo. Baragumu la pembe huingia hapo na sauti moja nzito. Zamani razha iliwakusanya watu kwenda vitani, ikatangaza ushindi, ikawaleta pamoja waliogombana. Mwenye baragumu hakuwa akiburudisha. Alikuwa akiita, na aliyeitwa alijua kwamba nyuma ya sauti ile yuko shekhe wake.

Mwaka 1868 Azzan bin Qais aliichukua Maskati akapewa bei'a ya uimamu. Nguvu kubwa iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya mwanachuoni wa Samail, Said bin Khalfan al-Khalili, mtu wa elimu nzito na msimamo usiopinda. Utawala wao ulipiga marufuku tumbaku, na ukazinyamazisha ngoma na muziki wa hadharani. Haukudumu. Mapema mwaka 1871 Azzan aliuawa vitani, na Said bin Khalfan akauawa mwaka huo huo, ingawa alikuwa ameahidiwa usalama. Mjukuu wake, Muhammad bin Abdullah al-Khalili, alikuja kuwa imamu wa Oman ya ndani kuanzia 1920 hadi kufa kwake 1954, na chini yake nchi ya Samail na Nizwa iliendelea kuwa nchi ya darsa na sala, ambamo ala ya muziki haikuwa na kiti.

Sasa vuka bahari. Mwezi Oktoba 1870, wakati Azzan na al-Khalili wangali wanatawala Maskati, Barghash bin Said alikalia kiti cha Unguja. Miaka 11 kabla yake alikuwa amejaribu kumpindua nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi na macho yaliyoona mji wa bandari wenye mitambo, magazeti na magwaride. Huyu hakuwa mtu wa kuipuuza dini. Matbaa aliyoianzisha Unguja ilichapa vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi ambavyo wanavyuoni wa Oman ya ndani walivisoma kwa hamu. Na mtu huyo huyo akawa na bendi ya shaba, ambayo wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa, ikipiga mbele ya kasri kwa wageni na kwa watu wa mji waliokusanyika kusikiliza.

Ndani ya muongo mmoja, basi, ukoo mmoja wa watawala na madhehebu moja vilizaa ukimya wa Maskati na kelele za shaba za Unguja. Wapo wanaosema Barghash alilegea kwa sababu ya utajiri wa karafuu na pembe za ndovu. Mimi naona alielewa kazi ya bendi kama watu wa Samail walivyoelewa kazi ya baragumu. Sauti inayosikika mbali humwambia mtu nani mwenye nchi. Balozi wa Uingereza alikuwa na manowari bandarini. Sultani alikuwa na bendi, na baada ya 1883 akawa na jumba la Beit al-Ajaib nyuma yake.

Isitoshe, pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuijua shaba inayopulizwa kabla Mgoa hajatia mguu Unguja na tarumbeta yake. Katika jumba la makumbusho la Lamu zimewekwa siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe. Moja ni ya pembe za ndovu kutoka Pate. Ya pili ni ya Lamu yenyewe, imesubiwa kwa shaba na kutiwa nakshi na maandishi, nzito kiasi kwamba mpulizaji huhitaji mwenzake wa kumpokea uzito. Dunga, kwenye kasri la Mwinyi Mkuu wa Unguja, nako kulikuwa na siwa na ngoma za enzi. Vyombo hivi havikupulizwa ovyo. Siwa ya Lamu ilitolewa kwa harusi na sherehe za watu wa nyumba za mawe, waungwana waliojulikana nasaba zao, na mtumwa au mtoto wa mtumwa hakuota kuolewa kwa siwa.

Baragumu la shekhe, siwa ya waungwana, bendi ya Sultani: katika hali zote tatu pumzi iliyokuwa ikisikika ilikuwa ya mtu mmoja na amri ilikuwa ya mwingine. Kilichofuata pwani katika miaka ya 1890 kilikivunja kiungo hicho, na kwangu hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote katika muziki wa Waswahili, kikubwa hata kuliko kuja kwa kanuni na udi kutoka Misri.

Watoto wa mtaani walianza kupiga shaba kwa amri yao wenyewe. Wakaiita beni. Lamu na Mombasa ndiko ilikoshika kwanza. Karibu na Mombasa palikuwa na Freretown, makazi ya watu waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, na huko vijana walifundishwa ala za bendi. Waliokuwa askari, matarishi, makarani na mabaharia walikuwa wameona magwaride ya Wazungu wakayachukua yote: sare, hatua, vyeo, na kushindana. Mombasa ikagawanyika Kingi na Scotchi. Dar es Salaam ikawa na Marini na Arinoti, Marini wakijiona ndio wasomi na watu wa daraja, Arinoti wakiwa kimbilio la wafanyakazi na wageni wa mjini. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni na madaktari. Kilimzika mwanachama aliyekufa, kilimlisha mgeni aliyefika mjini bila ndugu, na siku ya ngoma kilitoka barabarani kuwaonyesha wapinzani kwamba kinavaa vizuri zaidi, kinapiga kwa nguvu zaidi na kina pesa zaidi za kutapanya.

Mtaalamu wa historia Terence Ranger alikiandikia kisa hiki kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, na hoja yake bado ina uzito: wanaoona katika beni uigaji wa Wazungu peke yake hawajautazama ushindani wa mitaa ya pwani, ambao ni wa kale kuliko ukoloni. Dandaro, mafungu ya mtaa wa juu na mtaa wa chini, kujibizana kwa mashairi, yote yalikuwapo. Shaba ilikuja kuyavika nguo mpya.

Vita vya 1914 hadi 1918 vikaitawanya beni kama moto wa nyika. Askari na wapagazi walioswagwa kutoka nchi moja hadi nyingine walirudi makwao wakiwa na hatua za gwaride miguuni. Ikaingia bara la Tanganyika, ikavuka hadi Kongo, ikashuka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako kijana hakuwa na njia ya kununua tromboni, walichonga ala zao kutokana na vibuyu, wakavitia utando mwembamba unaotetema kwa sauti ya mpulizaji, na safu nzima ya vibuyu ikatoa mngurumo wa bendi. Ngoma hiyo, malipenga, inachezwa mpaka leo. Watawala wa Kiingereza baada ya vita waliingiwa na hofu, wakauliza kama nyuma ya hawa majenerali wa ngoma kuna njama ya siasa. Hawakukuta njama. Walikuta watu waliokuwa wakijipanga wenyewe bila kuambiwa, na hilo peke yake liliwakosesha raha.

Uingereza yenyewe ilikuwa na kisa kinachofanana. Katika karne ya 19, wenye viwanda vya nguo na migodi ya makaa huko kaskazini walinunua au kugharimia matarumbeta ya wafanyakazi wao, wakitaraji kwamba mtu anayejifunza noti jioni hatakwenda kilabuni wala kwenye mkutano wa mgomo. Bendi ya kiwanda cha Black Dyke, Yorkshire, ilianza mwaka 1855 na ingali hai. Wafanyakazi walizichukua ala wakazifanya zao, wakapanga mashindano baina ya mji na mji, na hata viwanda vilipofungwa bendi zilibaki. Kwa hiyo Dexys Midnight Runners wa Birmingham walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1980 na kuiweka shaba mbele ya magitaa, au The Rumble Strips kutoka Devon walipofanya hivyo katika albamu yao ya kwanza ya 2007, *Girls and Weather*, hawakuwa wameokota tarumbeta dukani kama pambo. Nyuma yao palikuwa na miaka zaidi ya 100 ya watu wa kawaida kupuliza shaba siku za mapumziko. Mpulizaji wa beni wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, na mpulizaji wa mji wa mgodi wangeelewana haraka kuliko kila mmoja wao angeelewana na tajiri wake.

Tofauti ni kwamba Waingereza walirekodiwa na sisi hatukurekodiwa. Hili ndilo linaloniuma.

Tuangalie namna mashine ilivyofanya kazi. Kabla ya 1925 kurekodi kulifanywa bila umeme. Mpigaji alielekeza sauti ndani ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya hewa yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano ikachora nta. Ala za nyuzi zilipotea humo. Shaba ilipenya. Ndiyo maana bendi za kijeshi za Ulaya zimejaa katika santuri za mwanzo kabisa. Kama kulikuwa na muziki wa Afrika Mashariki uliofaa mashine ile, ulikuwa beni, na beni ilikuwa katika kilele chake miaka hiyo hiyo. Hakuna kampuni iliyopeleka mashine mbele yake.

Kampuni zilipotutazama, zilitaka kitu kingine. Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad, mfinyanzi kutoka Fumba aliyekuwa sauti ya Unguja, alichukuliwa na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Walikuwapo Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Udi, fidla, tari na sauti. Kipaza sauti cha umeme kilikuwa kimekwisha kuingia studio, kwa hiyo kila mkwaruzo wa upinde ulisikika. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba dakika 3 hivi. Wimbo wa Siti uliweza kukatwa ukaingia, lakini beni, inayoanza alasiri na kumalizika taa zimewashwa, ikitembea barabarani kutoka mtaa hadi mtaa, isingeingia bila kuuawa. Na aliyekuwa na pesa ya kununua gramafoni alikuwa mtu wa barazani. Aliyekuwa akipiga beni alikuwa mchukuzi wa gati.

Bombay hiyo hiyo ndiyo iliyompokea Salim Rashid Suri, baharia wa Sur, mji ulio mwisho wa Sharqiyah. Kwao uimbaji haukutakiwa, na nduguye alimpinga vikali. Akaondoka. Alijifunza udi na nyimbo za sawt, akaimba kwenye santuri huko India, kisha Bahrain akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, Salimphone. Hakurudi kukaa Oman hadi 1971, na alifariki 1979. Siti na Salim, mmoja wa Unguja na mmoja wa Sur, walipata santuri zao za kwanza katika mji ule ule ambako Barghash alikuwa uhamishoni. Barghash aliutoka akawa na shaba. Wao waliutoka na nyuzi, na nyuzi ndizo zilizokuja kuitwa muziki wetu.

Simlaumu Siti, Mungu amrehemu. Bila santuri zile tungekuwa mabubu. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuona taarabu ndiyo sauti ya Waswahili wa Oman na Zanzibar, na shaba ikaonekana kelele za kupita harusini, kwa sababu moja ilikatwa kwenye santuri na nyingine ikaachwa hewani.

Shaba ilipoingia kwenye santuri zetu ilipitia Kuba. Kuanzia 1933 HMV iliuza Afrika mfululizo wa santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa nyimbo za son za Kikuba, na makundi ya son yalikuwa yameongeza tarumbeta moja miaka michache nyuma. Waliozisikia Dar es Salaam, Tanga na Morogoro hawakuona ugeni. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyezaliwa 1928, inasimuliwa kwamba alitaka kupanda meli aende Kuba akakwama Mombasa. Akarudi kwao akaunda bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba, na santuri zake zikatoka kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa hadi alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Vilabu vya dansi vilirithi mengi ya beni: vyama, sare, ushindani wa bendi mbili kugawana mji. Ilipozaliwa NUTA Jazz mwaka 1964 na Mlimani Park mwaka 1978, mashabiki wa Msondo, yaani NUTA, na wa Sikinde, yaani Mlimani, walikuwa wakifanya yale yale ya Marini na Arinoti.

Katika bendi hizo tarumbeta na saksafoni zilikuwa na kazi maalumu, na inafaa kuieleza, kwa sababu wasikilizaji wengi huisikia bila kuitambua. Mwimbaji akimaliza mshororo, shaba humjibu kwa kipande kifupi. Haikariri alichosema, humpinga au humkubalia. Magitaa yakichachamaa na watu wakisimama kucheza, shaba huingia pamoja kwa vipande vya kukata, vinavyorudiwa mpaka mwili wa mchezaji unavitarajia, kisha vinahamishwa nusu hatua mbele ili vimshtue. King Michael Enoch, aliyepanga nyimbo nyingi za Mlimani Park, alikuwa fundi wa jambo hili. Sikiliza namna shaba zake zinavyongoja. Mpangaji dhaifu hujaza kila nafasi.

Kutoka kwenye mazingira hayo ndiko ilikotokea albamu ambayo kwa maoni yangu iko karibu zaidi na zile za Waingereza nilizozitaja. Mose Se Sengo, aliyejulikana kwa jina la Fan Fan, alizaliwa Kinshasa mwaka 1945 na kupiga gitaa katika OK Jazz ya Franco. Miaka ya 1970 alitoka akazunguka Zambia na Tanzania, akaingia Orchestra Makassy ya Dar es Salaam. Makassy walihamia Nairobi, na mwaka 1982 kampuni ya Virgin ya London ikatoa albamu yao *Agwaya*. Bendi ikavunjika muda si mrefu. Fan Fan akaenda London.

London ya wakati huo ilikuwa na duka la Stern's. Kwa miaka mingi lilikuwa duka la vifaa vya umeme karibu na vyuo, likiwauzia wanafunzi wa Kiafrika santuri za kwao pembeni ya redio na balbu. Mwaka 1983 wamiliki wapya walilifungua upya kama duka la muziki wa Afrika na wakaanza kutoa santuri zao wenyewe. Hapo Fan Fan akaunda upya bendi yake ya zamani, Somo Somo, safari hii akiwachanganya Waafrika na Waingereza, na miongoni mwao wapulizaji waliotoka kwenye jazi. Mwaka 1985 Stern's wakatoa albamu ya kwanza ya Somo Somo ya London.

Thamani ya kazi hii kwangu iko katika kukutana kwa wapulizaji wawili wa aina mbili. Mpigaji wa Kinshasa na Dar amelelewa kungoja na kujibu. Mpulizaji wa jazi wa London amelelewa kusimama peke yake na kusema yake. Fan Fan aliwaweka chini ya gitaa lake, linalozunguka bila papara, na shaba ikapata nafasi ambayo katika *Agwaya* haikuwa nayo. Kuna wakosoaji waliosema rumba imepozwa ili Mzungu aimeze. Siafiki. Rumba yenyewe ilizaliwa kwa santuri za Kuba kutua Kinshasa, na shaba ya Unguja ililetwa na Mgoa kwa pesa za Sultani Muomani. Mwenye kutafuta shaba isiyochanganyika atafute kwingine, kwa maana shaba ya tarumbeta yenyewe ni mchanganyiko. Fan Fan aliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mwezi Mei 2019 alifariki Nairobi.

Oman nayo ilipata shaba yake kwa njia ya jeshi. Maofisa wa Kiingereza walileta bendi na hata zumari za mifuko za Uskoti, na Sultani Qaboos, aliyesomea Sandhurst, alizipenda kwa dhati. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa albamu ya Somo Somo, aliunda okestra ya kifalme kwa kuwachukua vijana wa Kiomani wasiojua noti na kuwafundisha tangu mwanzo. Jumba la opera la Maskati lilifunguliwa 2011. Katika nchi ambayo Azzan bin Qais alizinyamazisha ngoma zake, watoto wa Kiomani leo wanasoma tromboni kama fani ya kazi. Lakini shaba hii imerudi mahali pa awali. Ni ya gwaride na ya jumba, na anayeipuliza anangoja amri.

Huko Samail, Ibra na Nizwa kuna nyumba ambazo Kiswahili kingali kinasemwa jikoni. Watu wa bonde hili walikwenda Unguja kwa vizazi. Mshairi mkubwa Abu Muslim al-Bahlani alitoka hapa karibu, Wadi Mahram, akawa kadhi Unguja, akaanzisha gazeti la *Al-Najah* mwaka 1911 na akafa huko 1920. Wengi walirudi baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970. Walikuja na kanda za taarabu. Beni hawakuja nayo, kwa kuwa beni haikai kwenye kanda. Siku ya Idi, kijana wa nyumba hizo husimama kwenye safu ya razha na binamu zake, na baragumu linalopulizwa ni lile lile la pembe.

Unguja beni haikufa. Beni ya kibati hutangulia maharusi alasiri kwa tarumbeta zilizopigwa viraka na ngoma za kukodi, wanawake wakicheza na kuitikia nyuma yake, na watafiti wameirekodi vipande. Kinachotakiwa ni albamu kamili ya wapigaji wenyewe, yenye majina yao kwenye jalada na malipo yao mkononi, na irekodiwe inavyopigwa. Isiingizwe studio. Vipaza sauti vitembee na msafara, kimoja mbele karibu na tarumbeta, kimoja nyuma katikati ya wanawake, kuanzia nyumba ya bwana harusi hadi ya bibi harusi bila kukata, hata ikichukua saa 2. Tarumbeta ikitoka nje ya sauti isisahihishwe kwa kompyuta, kwa sababu wapigaji wa mtaa wanaisikia hivyo na wanaitaka hivyo. Siku hizi hakuna dakika 3 za santuri za kumzuia mtu, na gharama yake yote haifikii gharama ya usiku mmoja wa okestra.